James Watt na Pampu ya Baiskeli

Mwalimu mlezi wa chama chetu alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walikimbilia viongozi na waandishi. Shaaban Robert peke yake alinyakuliwa na watu watatu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, na kovu hilo ndilo lililonichagulia mtu wangu.

Mjomba wangu ni fundi wa mabati pale Daraja Mbili, hapa mjini Kisii. Anayelijua soko lile anajua vurumai yake: ndizi huku, mitumba kule, mikokoteni ikikupigia kelele nyuma, na juu ya yote hayo nyundo. Mjomba hutengeneza majiko, karai, na zaidi ya yote masanduku ya chuma ya wanafunzi wa bweni. Hata langu alilitengeneza yeye. Alitoka shule kidato cha pili kwa kukosa karo, akaingia kwenye nyundo, na tangu hapo hajatoka.

Likizo ya Aprili nilimwomba kona moja ya karakana yake niunde injini ndogo ya mvuke kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Babangu hakupendezwa. Alisema hauzi majani chai yake Nyamira kunilipia karo ili nirudi kukaa juani na mabati, na kwamba maonyesho hayo yakipita bila faida yoyote, basi Daraja Mbili nitakuwa naisikia tu. Kwa hivyo nilianza kazi nikiwa na wasiwasi.

Boila ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Mjomba aliutoboa juu, akaweka kizibo chepesi cha kurukia mbali mvuke ukizidi, kwa sababu, alivyonieleza, mkebe uliozibwa kabisa juu ya moto ni bomu. (Wewe unayetaka kujaribu, usijaribu bila fundi mkubwa karibu.) Silinda ilikuwa pampu kuukuu ya baiskeli, ya shaba, yenye kishikizo cha ngozi ndani. Gurudumu zito la kuzungusha lilikuwa jiwe la Tabaka, lililochongwa mviringo na kijana mmoja mchonga vinyago. Moto ulikuwa stovu ya mafuta taa.

Tukawasha. Maji yakachemka, mvuke ukaingia, gurudumu likazunguka. Nilipiga mayowe! Likazunguka mara nane, likasimama. Tukangoja, likazunguka tena mara nane, likasimama. Nikashika silinda nione kuna nini, na hapo ndipo nilipopata lile kovu. Mjomba hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: mvuke wote ule unaotoka kwenye mkebe unakwenda wapi? Sikuwa na jibu. Nilipofungua vitabu kulitafuta, nikakuta kuna mtu aliyesimama mbele ya injini ndogo yenye ugonjwa huohuo zaidi ya miaka 260 iliyopita.

Mtu huyo ni James Watt. Jina lake unalijua hata kama hujawahi kulisikia. Limeandikwa kwenye balbu inayokumulikia unaposoma usiku, maana wati ni yeye.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 katika mji wa bandari wa Greenock, Uskoti. Babaye alikuwa fundi wa meli na mfanyabiashara. Watt alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa, kichwa kikimuuma siku nenda siku rudi, hata masomo ya kwanza alifundishwa nyumbani na mamaye. Lakini katika karakana ya babaye alipewa meza yake mwenyewe na vifaa vyake, na hapo akajifunza kufanya kazi kwa mikono. Mkimwona ndugu yenu mdogo amevunja redio, msikimbilie kiboko.

Nataka kukomesha uongo mmoja hapa. Sote tulisimuliwa shule ya msingi kwamba Watt alikuwa mtoto akitazama birika la chai, akaona kifuniko kikirukaruka, basi akavumbua injini ya mvuke. Si kweli. Injini ya mvuke ilikuwako kabla yeye hajazaliwa. Thomas Newcomen, muuza vyuma wa Uingereza, alisimamisha yake mwaka 1712 karibu na Dudley, ikawa inavuta maji kutoka kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Watt hakuvumbua injini ya mvuke. Aliletewa mbovu aitengeneze.

Lakini tusiruke. Mamaye alifariki Watt akiwa kijana, na mambo ya babaye yakaharibika. Mwaka 1755 alikwenda London kujifunza kutengeneza vyombo vya hesabu na vipimo: mizani, dira na kadhalika. Desturi ilimtaka mwanagenzi akae miaka saba. Yeye hakuwa na miaka saba wala pesa za miaka saba. Akamlipa bwana mmoja aitwaye John Morgan paundi zisizopungua 20, akajifunza kwa mwaka mmoja mambo ya miaka yote hiyo, huku akila kidogo na kukohoa sana, kisha akarudi Uskoti. Inasimuliwa kwamba alipotaka kufungua karakana mjini Glasgow chama cha mafundi kilimkatalia, kwa kuwa hakutumikia miaka inayotakiwa. Chuo Kikuu cha Glasgow kikamwokoa: mwaka 1757 kilimpa chumba ndani ya chuo awe fundi wa vyombo vyake. Kumbe maprofesa walizoea kupita kwenye karakana yake kupiga gumzo. Mmoja wao, Joseph Black, mtaalamu wa joto, akawa rafiki yake wa maisha.

Katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 akaletewa kifaa cha kufundishia, mfano mdogo wa injini ya Newcomen. Kilikuwa kimeshapelekwa London kwa fundi maarufu kikashindikana. Silinda yake ilikuwa na upana wa inchi 2, na pistoni ilisafiri inchi 6 tu. Watt akakitengeneza, akawasha moto. Kikafanya mizunguko michache, kikasimama, mvuke umekwisha. Nilipofika ukurasa huo niliweka kitabu chini nikatazama kidole changu.

Fundi mwingine angesema boila ni ndogo, leteni kubwa. Watt akaanza kupima. Injini ya Newcomen ilifanya kazi hivi: mvuke uliijaza silinda chini ya pistoni, halafu maji baridi yakanyunyizwa ndani ya silinda hiyohiyo. Mvuke ukageuka maji, ndani pakabaki ombwe, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini. Sasa silinda imekuwa baridi. Mvuke mwingine ukiingia, kazi yake ya kwanza si kusukuma chochote, bali kulipasha joto lile chuma upya. Watt aliona kwamba sehemu kubwa mno ya mvuke, kama robo tatu, ilipotea hivyo kila mara. Na katika injini ndogo ubaya unazidi, kwa maana kitu kidogo kina ngozi kubwa kikilinganishwa na tumbo lake. Ndiyo sababu chai kikombeni hupoa upesi kuliko ile iliyo sufuriani.

Alipima pia maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi mara ngapi, akapata kama mara 1,800, hesabu isiyo mbali na ile tunayofundishwa leo. Akapitisha mvuke kwenye maji baridi, akashangaa kuona mvuke kidogo unaweza kuchemsha maji yenye uzito mara sita kuliko wake. Mbio kwa Black. Black akamweleza kwamba hilo ndilo joto lililojificha ndani ya mvuke, jambo alilokuwa tayari akiwafundisha wanafunzi wake. Kwa hiyo mvuke ulikuwa mali zaidi ya watu walivyodhani, na injini zote za nchi zilikuwa zikiimwaga.

Hapo kukawa na kitendawili. Silinda inatakiwa iwe moto wakati wote ili mvuke usipotee. Tena silinda inatakiwa iwe baridi ili mvuke ugeuke maji. Itakuwaje moto na baridi kwa pamoja? Alizunguka na swali hilo kwa miezi mingi. Jumapili moja ya mwaka 1765 alikuwa akitembea kwenye uwanja wa majani wa Glasgow ndipo jibu likamjia: mvuke upozwe nje, katika chombo kingine cha pembeni kilichounganishwa na silinda kwa vali. Silinda ibaki moto daima, chombo kibaki baridi daima. Kwa vile Jumapili haikuwa siku ya kufanya kazi, ilimbidi angoje Jumatatu. Mjomba wangu ni Msabato, na Jumamosi hawashi moto hata afe mtu. Alipolisikia hilo alimhurumia Watt kwa dhati.

Basi alitumia nini kujaribia? Bomba la sindano ya shaba la daktari, upana usiofika inchi 2, urefu wa inchi 10. Mwenzangu, mimi na pampu yangu ya baiskeli nilijiona nimekaa meza moja naye. Bomba lile likainua uzito wa ratili 18 hivi, kama kilo 8.

Ungedhani mwaka uliofuata alikuwa tajiri. La! Ilichukua miaka kumi na moja, na miaka hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Wazo lilikuwa sawa lakini hapakuwa na mtu wa kutoboa silinda kubwa ikawa mviringo sawasawa. Za wakati ule zilikuwa zimepinda, na pistoni ikivuja upande mmoja ombwe halikai. Alijaribu kuziba kwa ngozi, kwa kitambaa, kwa karatasi. John Roebuck, mwenye viwanda, alimsaidia kupata hataza tarehe 5 Januari 1769, kisha akafilisika. Watt alikuwa na mke, Margaret, na watoto, na injini hailishi mtu, basi akaenda kupima njia za mifereji. Mwaka 1773 akiwa huko milimani aliletewa habari kwamba mkewe ana hali mbaya ya uzazi. Alipofika nyumbani alimkuta amekwisha kufa.

Mwaka uliofuata akahamia Birmingham. Huko Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha vyuma kiitwacho Soho, alikuwa amenunua fungu la Roebuck, na Bunge likaongeza muda wa hataza hadi 1800. Lakini aliyeikomboa injini hasa ni John Wilkinson. Bwana huyu alikuwa ametengeneza mashine ya kutoboa mizinga ya vita, na akaigeuza itoboe silinda. Silinda yenye upana wa inchi 50 ilitoka kwake bila kupotoka hata kwa unene wa sarafu nyembamba. Mwaka 1776 injini za kwanza zikaanza kazi. Nilipomsimulia mjomba sehemu hii alisimamisha nyundo. Siku zote yeye humtumia fundi mwingine wa pili yake sokoni mambo ya kukereza, na hulipa bila kunung'unika. Kwa maoni yangu vitabu vyetu vinamtaja Wilkinson kidogo mno.

Namna ya kuziuza ilikuwa ya ujanja. Wenye migodi ya Cornwall, ambako makaa ya mawe yaliletwa kwa meli na yalikuwa ghali, hawakulipia injini peke yake. Walilipa pia theluthi ya thamani ya makaa waliyookoa wakilinganishwa na injini ya zamani. Kuokoa kuni si jambo la kale. Nenda kiwanda chochote cha majani chai huku kwetu, Kebirigo, Nyansiongo au Ogembo: hadi leo majani hukaushwa kwa joto la mvuke, na magogo hupangwa uani kama ukuta.

Baada ya hapo mambo yakafuatana. Injini ya kuvuta maji ikafanywa izungushe mitambo ya viwanda. Njia rahisi ya kuzungusha ilikuwa imeshachukuliwa hataza na mtu mwingine, basi mwaka 1781 wakatumia magurudumu mawili ya meno, moja likilizunguka jingine kama sayari na jua, wazo la mfanyakazi wao William Murdoch. Mwaka 1784 Watt alibuni mpangilio wa vyuma uliofanya pistoni ipande na kushuka wima huku boriti ikienda kwa duara. Uzeeni alisema hicho ndicho alichojivunia kuliko vyote. Ili mnunuzi aelewe anapata nini, alipima kazi ya farasi akaiita nguvu ya farasi moja: kuinua ratili 33,000 futi moja kwa dakika. Leo hiyo ni wati 746.

Sitaki mdhani namsifu kama malaika. Alikuwa mtu wa huzuni, mwoga wa madeni, aliyechukia kujadiliana bei. Mvuke wenye shinikizo kubwa aliuogopa na akaupinga, na hataza yake iliwafunga mikono wengine hadi 1800. Treni haikutoka kwake. Richard Trevithick aliendesha ya kwanza mwaka 1804 kwa shinikizo hilohilo aliloliogopa Watt. Katika makumbusho ya reli mjini Nairobi tuliliona dude liitwalo Mount Gelai, lililoundwa Manchester miaka ya hamsini. Ukisimama chini yake unajiona sisimizi.

Tena kuna jambo zito zaidi. Mali ya mji wa Greenock ilitoka kwenye sukari na tumbaku zilizolimwa na Waafrika watumwa huko ng'ambo, na babaye Watt alifanya biashara hiyo. Watafiti wa chuo kilekile cha Glasgow wameonyesha kwamba mwaka 1762 Watt mwenyewe alishiriki katika kumsafirisha mtoto mmoja mweusi aliyekuwa akiuzwa. Mwaka mmoja baadaye ndipo alipoletewa ile injini ndogo. Niliposoma hayo nilikaa siku mbili bila kuandika. Nilifikiri nimwache nichukue mtu mwingine, kisha nikaona afadhali niandike yote mawili.

Watt alistaafu mwaka 1800. Alikuwa ameoa tena, akajenga nyumba iitwayo Heathfield nje ya Birmingham, na chini ya paa akajitengea chumba kidogo cha kazi. Tajiri yule, ambaye angeweza kulala mchana kutwa, alipanda ngazi akawasha jiko lake mwenyewe, akashika tupa na jiliwa. Alikuwa akiunda mashine ya kunakili sanamu. Mwaka 1804 mwanawe kipenzi, Gregory, alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 27. Watt alilichukua sanduku la shule la Gregory, lenye madaftari yake ndani, akaliweka kwenye chumba kile, akawa anafanya kazi likiwa karibu naye.

Alifariki tarehe 25 Agosti 1819, umri wake miaka 83. Chumba kikafungwa. Kikabaki karibu kama alivyokiacha hadi mwaka 1924, vitu vyake zaidi ya 8,000 vilipohamishiwa kwenye Makumbusho ya Sayansi mjini London. Nimekiona kwenye picha. Hakina tofauti kubwa na kwa mjomba, isipokuwa kwa mjomba kuna vumbi na redio.

Sasa nirudi Daraja Mbili. Nilikuwa nimepata jibu la mjomba: mvuke wetu ulikuwa unakwisha kwa kuipasha joto pampu. Tukafupisha mrija, tukaizungushia pampu maganda makavu ya mgomba, safu juu ya safu, tukafunga kwa waya. Yule fundi wa kukereza akaisafisha ndani ilipokuwa imebonyea. Ikazunguka mara arubaini, halafu sitini.

Siku ya maonyesho mjomba alikuja na ovaroli yake, akabaki langoni akisema ndani hapamfai. Mwalimu wa fizikia alitoka akamshika mkono akamwingiza. Babangu naye alikuwa amefika, amesimama nyuma ya watu, hakusema neno. Nikawasha stovu. Jiwe la Tabaka likaanza kuzunguka, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wakawa wanahesabu kwa sauti. Walifika 143 ndipo ngozi ya pistoni ikaungua, mvuke ukatoka kwa kishindo, watu wakatawanyika. Hatukupita kwenda ngazi ya kaunti. Lakini waliorudi mezani hawakuja kwangu, walikwenda kwa mjomba kumwuliza maswali. Babangu ndiye aliyeuliza la mwisho: ngozi ile inauzwa shilingi ngapi?

Injini iko bwenini chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku. Ngozi mpya nimeahidiwa wiki ijayo.